Jina la Kiprugut

Kwanza ilikuja harufu ya ugoro, na katika duka la Jaydeep la Nakuru hakuna aliyenusa ugoro tangu Kiprugut afe.

Kiprugut alikuwa mtunza stoo. Jumamosi moja Jaydeep alifunga duka asijue mzee ameanguka mle stoo. Jumatatu wakamkuta nyuma ya mlango, kucha zimevunjika. Kwa hivyo Wangare, fundi wa kompyuta, alipoweka programu ya stoo kwenye kompyuta ya Linux na kuuliza iendeshwe kwa jina la nani, Jaydeep alisema kwa huzuni, "Weka la Kiprugut. Aonekane bado ni mtu wetu."

Wangare akaiagiza mashine: umeme ukirudi, Kiprugut, yaani ile programu, aamke. Akifa, aamshwe tena. Kisha akanakili kila kitu kwenye mashine ya duka lao la pili, la Gilgil, linaloangaliwa na Darshana, mke wa Jaydeep. Jina la marehemu, tena aliyekufa kifo kile! Kusoma kote huko, na asiogope.

Leo stima zilipotea, zikarudi. Huko stoo mtu akapiga chafya.

"Boss," Wangare alinong'ona, "kuna mtu ndani?"

"Nimefunga mwenyewe. Ufunguo ndio huu."

Wangare akaizima programu. Ikaamka. Akaizima tena, na sasa ukucha ukaanza kukwaruza mlango kutoka ndani, polepole, ukipanda kutoka sakafuni hadi usawa wa macho, harufu ya ugoro ikiwachoma koo, na kila alipoizima iliamka, na kila ilipoamka mlango ulisukumwa kwa nguvu zaidi, mpaka Jaydeep akaketi chini akilia, "Mzee, nisamehe, sikujua!"

Wakamwita Kimaiyo, ndugu ya marehemu, wakamweleza yote kwa simu. Alikuja na kibuyu cha maziwa, hata salamu hakutoa.

"Mlimwambia aamke," alisema. "Nani alimwambia alale?"

Wangare akafuta agizo, kisha jina. Kimaiyo akamwaga maziwa kizingitini.

"Nenda, ndugu yangu. Mlango unafunguliwa."

Jaydeep akafungua. Ndani mlikuwa na mabati na misumari tu, na harufu ilikuwa imekwisha. Wangare akacheka kwa kuishiwa nguvu.

Simu ya Jaydeep ikalia.

"Jaydeep," Darshana alinong'ona, "huku Gilgil stima zimerudi saa hii. Nani amenifungia ndani ya stoo? Na huyu mzee anapiga chafya hapa nyuma yangu ni nani?"

Jaydeep aliutazama ufunguo mkononi mwake. Ulikuwa wa Nakuru.