Aliyejibu Ukutani Elsenrode

Mkono ulijiendea wenyewe. Gundula alikuwa na wageni wake wa kwanza tangu msiba, Jumatatu ya Pasaka, wamebanana chini ya mnara wa ngome ya Elsenrode huku wakipuliza viganja kwa baridi, naye alikuwa amefika mwisho wa hadithi yake. Akagonga ukuta mara tatu, kama alivyogonga miaka yote. Ndipo akakumbuka kwamba nyuma ya ukuta hakuna tena mtu wa kumjibu.

Ukuta ukajibu. Mara mbili, taratibu.

Wageni wakaruka, kisha wakacheka na kupiga makofi. Mzee mmoja akauliza huyo aliyejificha humo ndani analipwa au anajitolea tu. Gundula akatabasamu, maana kutabasamu ni sehemu ya kazi ya kutembeza wageni. Ufunguo wa chumba cha nyuma ulikuwa mfukoni mwake, ameukamata mpaka umeingia joto. Na mume aliyekuwa akigonga humo alikuwa amelala makaburini bondeni tangu Februari.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Kwamba mnara ule ulijengwa ukabomoka, ukajengwa tena ukabomoka tena, mpaka bwana wa ngome akanunua mtoto kwa mama fukara, waashi wakamjengea ndani ya ukuta akiwa hai, kipande cha mkate mkononi ili asilie. Karibu kila gofu la upande ule lina mtoto wake ukutani, na Gundula hakuiamini hadithi hiyo hata siku moja. Lothar, mumewe, ndiye aliyesema kwamba hadithi bila kishindo haina ladha. Nyuma ya mnara kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea toroli na makoleo. Basi kila ziara ilipokwisha, Gundula aligonga mara tatu na Lothar akajibu kutoka ndani mara mbili, na watu wazima wenye ndevu zao wakashikana mikono. Wageni wakishaondoka, Lothar alitoka akiburuta mguu wake wa kushoto, uliovunjika kwenye pikipiki ujanani, kiko mdomoni, na utani wake ni uleule.

"Leo umenichelewesha, mama. Nusura niozee humo."

Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na ngome, na kile chumba cha juu ya lango walimoishi, na wao wawili. Lothar alipougua mapafu, Gundula aliyasikiliza majuma mazima yakikoroma kama birika linaloishiwa maji, na alipokata roho ilikuwa mchana, theluji ikianguka.

Katika vijiji vya kule, mtu akikata roho, hata kabla hajafumbwa macho, dirisha hufunguliwa roho ipate pa kutokea, kisha hufungwa isirudi. Hata wale wasiokanyaga kanisani hulifungua. Gundula alilijua hilo tangu utoto. Alisimama akashika komeo la dirisha, akalitazama, akaliachia. Alijiambia Lothar hapendi baridi. Ukweli ni kwamba hakutaka aende. Bi Roswitha, mzee wa kijijini, alipopanda kuja kusaidia kuosha maiti, akauliza kama dirisha lilifunguliwa, Gundula alijibu kwamba lilifunguliwa.

Kwa hiyo siku ile ukuta ulipojibu, hakuogopa. Moyo ulimjaa. Wageni walipokwisha kushuka mlimani alirudi mnarani, akaweka shavu kwenye jiwe baridi.

"Lothar," alinong'ona. "Usikae humo peke yako na baridi hii. Njoo nyumbani, mpenzi."

Ulikuwa msimu mzuri kuliko yote, Mungu amsamehe. Kila ziara aligonga akajibiwa, na kila jioni alipokuwa akimenya viazi alisikia mguu ukiburutwa kwenye ngazi za lango, na harufu ya kiko ikaja ikakaa karibu na kiti cha Lothar. Alianza kuweka sahani mbili. Alizungumza peke yake mpaka yule anayemletea mkate kutoka kijijini akamtania kwamba amepata bwana mpya. Gundula akacheka, hakukana.

Mambo yalianza kuharibika wakati wa mavuno. Kwanza ilikuwa harufu nyingine, ya chokaa mbichi, kama nyumba iliyopigwa lipu leo asubuhi. Ikawa inapanda ngazi nyuma ya harufu ya kiko. Kisha mkate. Lothar hakuwahi kula sehemu laini ya ndani akaacha ganda, lakini ganda ndilo lililobaki mezani, limegugunwa kwa meno madogo. Kwenye mlango wa chumba pakatokea alama nyeupe za vidole, chini kabisa, usawa wa goti. Gundula alizifuta kwa kitambaa, akajiambia ni vumbi la mnara.

Halafu mgeni mmoja mwanamke, fundi mwashi kutoka Kassel, ukuta ulipojibu hakucheka. Alichuchumaa, akaweka kiganja chini kwenye mawe.

"Huyo mtu wako mbona anagonga amelala chini?" akauliza. "Sauti inatoka hapa, chini ya kiuno changu. Na hapa si chumba, mama. Ukuta wa hapa ni mnene, ni mawe matupu mpaka ndani."

Gundula akasema kuta za zamani zina mambo yake. Jioni ile hakuweka sahani ya pili.

Akalala mapema, mwanga ukiwa bado dirishani, akajifunika shuka na blanketi mpaka masikioni, na kabla hajashikwa na usingizi akahisi kitanda kimebonyea nyuma yake, kidogo tu, uzito wa paka, kisha baridi ikamgusa mgongoni, baridi ya jiwe lisiloona jua, ikaanza kujikunja hapo pole pole kama mtu anayetafuta mahali pa kulala, akahisi magoti, magoti mawili madogo yakimgusa kwenye uti wa mgongo, na pumzi yenye harufu ya chokaa ikimwingia shingoni, naye hakuthubutu kugeuka, alikodoa macho upande wa pili wa chumba akimwomba Lothar moyoni amsaidie, na ndipo aliposikia, kutoka kwenye kile kiti penye harufu ya kiko, mbali kabisa na kitanda, mapafu yakikoroma, yakivuta, yakikwama, yakivuta tena, yaleyale ya majuma ya mwisho. Lothar alikuwapo. Alikuwa bado anakufa. Tangu Februari hajamaliza.

Asubuhi alishuka kijijini bila kuchana nywele.

Bi Roswitha alikuwa jikoni anakata plamu za keki. Ni yeye aliyekuwa akiwaombea watu mkanda wa jeshi na chunusi sugu kwa maneno ya kunong'ona, bila malipo, na mtu hakuruhusiwa kumshukuru, maana ukishukuru dawa inakufa. Alimsikiliza Gundula mpaka mwisho bila kuweka kisu chini.

"Dirisha ulilifungua, mwanangu?"

"Sikulifungua."

"Uliniambia ulilifungua."

"Nilikudanganya, Mama Roswitha. Sikutaka aende."

Mzee akajifuta vidole kwa aproni. Akasema hakuna anayetaka, kwani yeye alipomfungulia dirisha mumewe Albrecht alitaka? Kisha akamweleza la kufanya. Jua likizama afungue dirisha lote, akae kitandani uso ukutani. Asimwite kwa jina. Asimshukuru. Akishapita, afunge.

"Na yule mwingine?" Gundula akauliza.

"Yule sina dirisha lake." Bi Roswitha alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili. "Lothar alifia kitandani, njia yake tunaijua. Yule mtoto miaka yote amekaa humo anasikia anagongewa. Mama anagonga, na mtu mwingine anamjibia, na watu wanacheka. Huyo mtu alipokufa, mtoto akajibu mwenyewe. Halafu wewe ukamwambia nini?"

Gundula alikumbuka shavu lake kwenye jiwe. Alikumbuka maneno. Alikuwa amesema, njoo nyumbani.

Aliondoka bila kusema asante, kama inavyotakiwa, na mzee akamfungia kipande cha keki kwenye karatasi bila kumtazama.

Siku ile aliwarudisha wageni langoni. Akapika supu ya viazi asiinywe. Alichukua kiko cha Lothar rafuni, akakinusa, akakirudisha. Alijaribu kutafuta sababu ya kungoja hata kesho, na sababu zilikuwepo nyingi, lakini kila akikaribia kuishika moja alikumbuka ile pumzi inavyokwama. Jua lilipogusa miti akafungua komeo, akasukuma vioo vyote viwili. Harufu ya majani makavu ya msituni ikaingia. Akakaa kitandani, akautazama ukuta.

Mkoromo ulianza kitini. Ukavuta, ukakwama, na safari hii ukatoka wote, mrefu, pumzi ya mtu anayetua mzigo. Kisha mguu ukaburutwa sakafuni. Hatua nzima, hatua ya kuburuta. Hatua nzima, hatua ya kuburuta. Zikaja mpaka nyuma yake, zikasimama, na harufu ya kiko ikawa karibu hivi kwamba angegeuza shingo tu angeigusa kwa pua. Maneno yalimjaa kinywani. Jina lake, na asante, na nisamehe. Akalingoja hata lile la utani, kwamba amemchelewesha. Halikusemwa. Gundula akauma blanketi kwa meno, akalia bila sauti, na hatua zikaendelea, na pazia likasogea, na chumba kikabaki kitupu hivi kwamba alisikia maji yakitiririka kule bondeni.

Alijua anapaswa kusimama afunge dirisha. Hakusimama. Alikaa akilia tu, kwa sababu miaka yote ya maisha yake na mtu yule ilikuwa imetoka nje kwa hatua chache na hata mkono hakumshika.

Ndipo aliposikia kiti kikisogezwa. Kilisogezwa kidogo kidogo, kama na mtu ambaye ni kizito kwake, mpaka chini ya dirisha. Kioo kimoja kikarudi mahali pake, na cha pili. Komeo likahangaika, likateleza, likajaribiwa tena, likaingia. Harufu ya majani ikakatika, na ya chokaa ikapanda.

Kitanda kikabonyea nyuma yake. Kwenye ubao wa kichwani, karibu na sikio lake, kidole kikagonga mara mbili, taratibu, kikangoja.

Gundula hakugeuka. Alikumbuka kwamba mezani kuna kile kipande cha keki ya plamu, na kwamba mtu aliyekaa ukutani na kipande kimoja cha mkate muda wote ule lazima ana njaa. Akajifuta uso kwa pindo la shuka, akasogea ukutani, akaacha nafasi.

"Usilie," akasema, ingawa chumbani mle aliyekuwa akilia ni yeye peke yake.