Sufuria Iliyong'aa Ndani

Kwetu sambari, mchuzi wa mbaazi na ukwaju, hupikwa asubuhi. Mbaazi zilizoparazwa huchemshwa na manjano mpaka zivurugike. Ukwaju huloweshwa, ukakamuliwa, maji yake yakachujwa. Mboga huiva ndani ya maji hayo ya ukwaju: mlonge, boga, bilinganya na vitunguu vidogo. Bizari huingia, kisha mbaazi humwagwa juu. Mwisho haradali hupasuliwa kwenye mafuta ya moto pamoja na mvuje kidogo. Harufu ikifika barabarani, majirani wanajua tumeamka.

Kazi hiyo huifanya Kayal, mke wa mwanangu Ilango. Ilango yuko kiwanda cha nguo, katika mji wa Tiruppur, na huja mara moja kwa mwezi. Nyumbani tuko watatu: mimi, Kayal, na mjukuu wangu Yalini, mwenye miaka sita. Kayal hupikia sufuria ya stili. Mimi huwasha taa ya sala, hupaka majivu matakatifu kwenye paji la uso, kisha huketi na kuchambua mchele. Jiwe halinipiti. Mume wangu alikuwa akisema nina macho ya mwewe. Amefariki miaka saba sasa.

Mwaka huu, sikukuu yetu ya mavuno, Pongal, ilipokaribia, nilisema, "Tushushe sufuria ya shaba."

Ni sufuria kubwa ya shaba ya njano. Mama yangu alinipa nilipoolewa. Tangu mume wangu afariki ilikuwa juu ya rafu, imefunikwa gunia. Kayal alipanda kwenye kiti akaishusha.

"Bibi, ni dhahabu?" Yalini aliuliza.

"Ngoja niisugue, utaona mwenyewe."

Niliisugua nje kwa ukwaju na majivu, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Uchafu mweusi ulitiririka mpaka kwenye mfereji. Nje ikang'aa. Nilipoangalia ndani, niliona rangi ya kijivu, imefifia, na mahali pengine ina mabaka ya njano. Niliona aibu. Nikatia ukwaju mwingine na majivu mengine.

Kayal alichungulia. "Mama, hiyo rangi ya ndani si ndiyo yake? Naona kama imepakwa kitu."

"Nyinyi mmezaliwa na stili," nikamwambia. "Shaba utaijulia wapi?"

Alicheka kidogo, akaondoka. Nilisugua asubuhi nzima. Mikono iliniuma, lakini kijivu chote kilitoka. Sufuria iling'aa ndani na nje, ungeweza kujitazama.

Siku ya sikukuu tulipika wali wa maziwa na sukari guru humo, na hakuna aliyeumwa. Siku ya pili yake nikasema nitapika sambari mwenyewe, kwa sufuria ileile.

"Ya stili iko hapa, Mama, safi," Kayal alisema.

"Leo tule chakula chenye heshima."

Nilipika mapema nikaiacha sambari humohumo, nikaenda hekaluni. Nilirudi karibu saa sita mchana. Sikuionja. Chakula kinachotengwa kwa Mungu hakionjwi kwanza, ndivyo nilivyolelewa. Nikatenga sehemu ya Mungu. Nikamwekea Yalini na mama yake. Mimi hula mwisho.

Kayal alitia tonge mdomoni, akasita. "Mama, leo kama nimeramba ufunguo."

"Ulimi wako umezoea bizari ya paketi."

"Inakwaruza ulimi, Bibi," Yalini akasema.

"Kula. Mtoto wa darasa la kwanza halalamiki."

Akala. Mtoto wetu ni mtiifu. Alimaliza sahani yake yote kwa sababu mimi nilimwambia amalize.

Sikuwa hata nimekusanya vyombo alipoanza kutapika. Mara ya kwanza nilidhani kala haraka. Mara ya pili niliona rangi. Matapishi yalikuwa na ukijani, kama kutu ya bomba la zamani. Alishika tumbo akajikunja sakafuni. Midomo ilikuwa myeupe. Kisha Kayal naye akakimbilia nje. Nilimsikia akitapika nyuma ya nyumba.

Alirudi akijishika ukutani. Alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi.

"Mama, wewe umekula?"

"Sijala."

Aliniangalia tu. Nikaelewa anachowaza. Chakula nimepika mimi. Wamekula wao. Mzima ni mimi peke yangu.

Nilikimbilia jikoni nikakoroga maji ya chumvi nimpe mtoto, atapike yote. Kayal alikuwa ameshapiga kelele kwa majirani. Rosali akaingia. Rosali ni nesi wa kijiji, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni.

"Weka kikombe chini, Mama," alisema.

"Ni chumvi tu, atoe sumu."

"Anatoa mwenyewe. Maji ya chumvi yatamuumiza zaidi. Wala usimpe limao, wala ukwaju, wala kitu chochote kichachu. Mlaze kwa ubavu asipaliwe." Alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Kisha akauliza, "Wamekula nini?"

"Sambari."

"Imepikwa na nani?"

"Na mimi," nikasema.

"Kwenye sufuria gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo maishani mwangu. Nilinyoosha kidole. Rosali aliinama juu ya sufuria ya shaba. Akachota sambari kidogo kwa kijiko, akaangalia shaba tupu iliyoonekana mahali kijiko kilipopita. Akachukua chupa safi, akatia sambari ndani, akafunga.

"Hii inakwenda na sisi hospitali," alisema. "Daktari aione."

Nilimpaka Yalini majivu matakatifu kwenye paji la uso. Kwa haraka nikampaka na jichoni.

"Paka, Mama," Rosali alisema taratibu, akimfuta jicho. "Mungu atusaidie. Lakini na gari tunapanda."

Hospitali walimtundikia Yalini maji ya mshipani. Kayal wakamlaza kitanda cha pili. Mimi niliketi kwenye benchi la nje. Ilango alipata habari kwa majirani, akapiga simu. Hakunisalimu. Alisema, "Mama, ulitia nini?"

Nimemzaa mtoto huyo. Nimemnyonyesha. Nilimpa Rosali simu.

"Mama yako hakutia kitu," Rosali akamwambia. "Ni sufuria. Daktari anasema hivyohivyo. Mtoto ameacha kutapika, na shinikizo la damu ni zuri. Watakaa hapa mpaka kesho kutwa, damu na mkojo vipimwe."

Aliponirudishia simu, nilimuuliza, "Sufuria imefanyaje? Nimeisugua mwenyewe. Haina hata doa."

"Umesugua na ndani?"

"Ndani zaidi kuliko nje."

Rosali aliketi karibu yangu. "Mama, shaba unaisugulia nini?"

"Ukwaju."

"Kwa nini ukwaju, usitumie maji matupu?"

"Maji hayatoi kitu. Ukwaju ni mkali, unaila ile nyeusi."

"Basi. Ukwaju unaila shaba. Ukisugua, ile iliyoliwa inakwenda mfereji. Ukipikia, inakwenda wapi?"

Nilifumba macho. Miaka arobaini nimeuona uchafu ule mweusi ukitiririka. Sikuwahi kujiuliza.

"Wali wa maziwa si mchachu, ndiyo maana haukuwadhuru," aliendelea. "Ila sambari ina ukwaju, na ilikaa humo tangu asubuhi. Kila saa ilikuwa inakula shaba. Ndiyo ile ladha ya ufunguo. Mtu akisikia ladha hiyo anatema na kumwaga chakula."

"Lakini mama yangu alipikia sufuria hiyohiyo. Na mimi nimepikia, mume wangu akiwa hai. Hakuna aliyeumwa."

"Ndani ilikuwa na rangi gani siku hizo?"

Nilikumbuka. Ilikuwa nyeupe, kama fedha.

"Ilikuwa ni bati," Rosali alisema. "Shaba ya kupikia hupakwa ndani bati laini lililoyeyushwa. Bati ndilo linalozuia chakula kisigusane na shaba. Likikaa sana linageuka kijivu na kuchakaa. Wewe ulidhani ni uchafu."

Ukuta wa kuwalinda watoto wangu nimeung'oa kwa mikono yangu miwili, asubuhi nzima, huku nikijisifu. Na mkaza mwanangu aliniuliza, nikamdhihaki.

Kila mwaka kabla ya sikukuu, mume wangu alikuwa akiifunga sufuria ile kwenye baiskeli na kwenda nayo mjini. Ilirudi nyeupe ndani. Nilidhani anaipeleka kung'arishwa. Hakuniambia, nami sikumuuliza.

Siku ya tatu tuliruhusiwa kurudi nyumbani. Daktari alisema Yalini amepona, damu yake haina tatizo. Kabla sijavua viatu nilimwendea Kayal.

"Uliona rangi ile kabla yangu," nikamwambia. "Nikakudharau. Nisamehe, mwanangu."

Alikuwa anakunja shuka. Akaiweka chini. "Nilikudhania vibaya, Mama. Pale nilipokuuliza kama umekula."

"Ningekuwa wewe, ningedhani hivyohivyo."

Imani ya mtoto ndiyo haikurudi upesi. Jioni nilimpa ndizi, akaificha nyuma. Nikampa maziwa, akasubiri mama yake ayamimine upya. "Chakula cha Bibi kinauma," alimwambia Kayal, si kwa hasira, kama anavyosema moto unaunguza. Kofi lisingeniuma kama maneno hayo.

Nilitaka kuitupa sufuria kisimani. Kayal alinizuia. Tukaipeleka mjini kwa Kamaludini, mzee anayepaka bati sokoni. Aliitazama ndani, akanitazama.

"Nani kaichuna hivi?"

"Mimi."

"Mkono una nguvu, mama. Njoo tufanye kazi pamoja."

Kayal alicheka. Mimi sikuweza.

"Unatumia nini kupaka?" Kayal akamuuliza. Rosali alikuwa amemfundisha aulize. Katika lugha yetu bati na risasi, madini laini yenye sumu, vina jina moja. Bati tunaliita jeupe na risasi nyeusi, lakini mtu akiwa na haraka hutaja jina tu.

"Swali zuri," alisema mzee. "Mafundi wengine huchanganya risasi, kwa sababu ni rahisi. Inang'aa siku chache. Lakini risasi ni mbaya kuliko shaba, hasa kwa mtoto. Hutapiki, huumwi, huku akili ya mtoto inaharibika polepole. Sikiliza hii." Alichukua kijiti cheupe, akakisogeza sikioni kwa Kayal, akakikunja. "Umesikia?"

"Kinalia. Kama kinakatika ndani."

"Hilo ni bati. Risasi ukiikunja haisemi kitu. Na ukiipitisha kwenye karatasi inaandika kama penseli." Akakipitisha kijiti kwenye karatasi. Karatasi ilibaki nyeupe. "Usimwache fundi akupakie kitu ambacho hujakiona. Na ukimtilia shaka, beba sufuria yako urudi nyumbani."

Aliiweka sufuria juu ya makaa, akavuvia moto. Ilipopata joto akanyunyiza unga wa dawa wa kulishikisha bati, akagusisha bati, akafuta haraka kwa pamba. Weupe ukatembea ndani ya sufuria mpaka ukaijaza.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "Ndani hapasuguliwi kwa majivu wala mchanga, wala ukwaju. Kitambaa laini na maji ya sabuni vinatosha. Mkiona njano hata kama kucha, acheni kupikia, leteni. Na hata ikiwa nzima, msilaze chakula humo. Vitu vichachu, sambari, mtindi, pikieni stili au chungu cha udongo."

"Na sisi tutafanya hivyo," Kayal alisema. "Hii ni ya wali wa sikukuu tu."

Mimi nilikuwa natazama weupe ule. Ndivyo ulivyokuwa siku niliyoolewa.

Kesho yake asubuhi nilimwomba Kayal anipishe jikoni. Nilichemsha mbaazi. Nilikamua ukwaju kwenye bakuli la kauri. Mboga nikazipika kwenye sufuria ya stili, mlonge na boga. Nikapasua haradali. Sikuilaza kwenye sufuria, niliipakua ikiwa moto. Nilitenga sehemu ya Mungu. Nikamweleza katika sala kwamba kuanzia sasa, baada ya sehemu yake, nitaonja mimi kabla ya mtoto. Naamini hakuchukia.

Yalini alikaa mbele ya sahani, mikono chini ya mapaja.

"Bibi, kula wewe."

Katika miaka yangu yote ya ndoa na ya ujane sijawahi kula kabla ya watu wa nyumbani kwangu. Nilivuta wali, nikaumwagia sambari, nikatia tonge mdomoni. Nilitafuna, nikameza. Yalini alinitazama koo mpaka tonge likashuka.

"Ina ladha ya ufunguo?"

"Haina. Ina ladha ya boga."

"Tumbo?"

"Zima."

"Tusubiri."

Tukasubiri. Kayal aliegemea mlango. Nje mwuza mboga alipita akinadi, akaenda mpaka sauti ikapotea. Nilikaa nimenyoosha mgongo, nionekane vizuri. Mtoto alinikagua uso kama mimi ninavyokagua mchele.

Mwishowe alivuta sahani yake, akatia kidole, akaramba. Akatia tonge. Akatia la pili, kubwa. Kisha akakunja uso.

"Imepoa," alisema. "Nipashie moto, Bibi."