Magitaa Mawili ya Bingwa

Sanduku la pili lilikuwa la moto. Yalikuja mawili siku moja, kutoka kwa fundi mmoja wa magitaa wa Kanada, na la kwanza lilikuwa baridi kama mzigo wowote uliotoka ghalani. Mke wa Bingwa alipogusa la pili, aliuondoa mkono haraka.

"Hili lina joto."

"Limekaa juani," Bingwa alijibu.

Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, lakini Bingwa hakuwa mtu wa kubishana na ushahidi.

Jina la Bingwa alijipa mwenyewe. Majirani walimwita Bati, kwa ile sauti iliyotoka dirishani kwake kila alipofanya mazoezi. Alikuwa na suti nne za jukwaani, miwani myeusi ya kuvaa ndani ya nyumba, na nyimbo kumi na moja zilizopendwa na kila mtu, ambazo hakutunga hata mstari mmoja. Mtunzi alikuwa kaka yake, fundi wa kiwandani aliyeitwa Tisa kwa sababu mashine ilimkata kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Tisa alipiga gitaa kwa vidole vilivyobaki, akikaa kizingitini baada ya kazi, bila kumwomba mtu amsikilize. Alipofariki, Bingwa alilia siku tatu. Siku ya nne alizibeba kanda za marehemu hadi kwa wenzake wa bendi na kusema, "Hizi nimezitunga mimi." Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa kilio, na huo ndio utetezi pekee ninaoweza kumpa.

Sasa alitaka magitaa ya mseto. Gitaa la aina hiyo lina tumbo la mbao kama gitaa kavu, lile lisilo la umeme, na ndani yake mna nyaya za umeme, kwa hiyo mtu anaweza kupiga kwa sauti ya chini sebuleni au akachomeka waya na kutikisa ukumbi. Aliagiza mawili, moja la kupigia na moja la kutazamwa na wageni. Yule fundi hakuwa muuza duka. Kila mnunuzi alimtaka atume mchoro wa mkono wake wa kushoto kwenye karatasi, pamoja na sauti ya jinsi anavyopiga, ili shingo ya gitaa imkae vizuri mkononi. Mkono, Bingwa alichora wake. Sauti, alijirekodi, akajisikiliza, akaona haya, nadhani kwa mara ya mwisho maishani mwake. Akatuma kanda ya Tisa na kuandika chini yake: Huyu ni mimi.

Fundi alijibu kwa adabu kwamba kwenye karatasi anaona vidole vitano, lakini kwenye sauti anasikia vinne. Afuate mkono au afuate sauti?

"Anajifanya anajua," Bingwa alimwambia mkewe, na akamjibu fundi afanye anavyoona.

Ndiyo maana kila sanduku lilikuja na kikaratasi chake. Cha kwanza kiliandikwa "la mkono", cha pili "la sauti". Bingwa alivitupa. Alipofungua lile sanduku la moto, harufu ya mafuta ya karafuu ilijaa sebuleni. Tisa alikuwa akipaka mafuta hayo kila jioni kwenye kovu la kidole chake. Mke alimtazama mumewe, naye Bingwa akafungua dirisha, akasema mbao za ng'ambo ndivyo zinavyonuka.

Magitaa yalitundikwa ukutani. Siku ya tatu, saa nane mchana, Bingwa akiwa kazini na mkewe akipiga pasi, spika ya sebuleni ilianza kuimba kwa sauti ya gitaa. Ulikuwa wimbo wa Tisa, ule wa pole kuliko zote, na waya wa spika ulikuwa umekunjwa sakafuni, haujachomekwa popote, na juu ukutani nyuzi za lile gitaa la pili zilikuwa zikitetemeka moja baada ya nyingine, zikibonyezwa na kitu ambacho hakikuwa na rangi wala kivuli, huku mama mzazi wa Bingwa na Tisa, aliyeishi nao, akigonga dole gumba lake ukutani chumbani kwake kufuata mdundo.

"Mwambieni Tisa arudie pale mwanzo," bibi kizee aliita.

"Mama," mkwe alinong'ona, "Tisa hayupo."

"Basi huyo anayepiga ni nani? Na wewe unaunguza nguo."

Shati lilikuwa linafuka moshi.

Mtu mwingine yeyote, akisimuliwa hayo na mkewe, angeomba kwanza maji ya kunywa. Bingwa aliuliza swali moja tu.

"Lilisikika vizuri?"

Akalishusha lile gitaa la pili, akakaa. Kidole chake cha mwisho cha kushoto kilijikunja chenyewe hadi kwenye kiganja, na vile vingine vikaanza kutembea. Wimbo ulitoka safi, bila kosa, hata pale kwenye ubeti wa pili alipokuwa akikosea kila siku ya Mungu. Hakuogopa. Aliamini ni matunda ya mazoezi! Kuanzia siku hiyo alipiga kila alasiri, akapanga onyesho la kusherehekea "nyimbo zangu", na hakuona kwamba kile kidole hakikukunjuka tena hata alipoliweka gitaa chini, wala hakuona kwamba kilikuwa baridi, kwamba kilikuwa kinageuka rangi ya majivu, kwamba mkewe alimwita kwa jina lake mara tatu mezani na yeye akaendelea kula kana kwamba anaitwa mtu wa nyumba ya pili.

Siku moja mkewe alichukua sindano, akamchoma kile kidole. Bingwa aliendelea kusoma gazeti.

"Nimekuchoma," mke alisema kwa sauti ndogo.

"Wapi?"

Mke akaenda kumwita mganga.

Mganga alikuwa mama mmoja mshona mashuka, mwenye mkoba wa ngozi na haraka nyingi. Alitega sikio kwenye tundu la lile gitaa, akatega muda mrefu, kisha akamtazama Bingwa kuanzia miwani hadi viatu.

"Si kaka yako huyu," alisema polepole. "Kaka yako amelala zake. Huyu ni jini aliyekuwa akimsikiliza pale kizingitini. Miaka yote ameitafuta ile sauti. Wewe umeituma ng'ambo, ukatia na maandishi: huyu ni mimi. Amekuamini, bwana. Amekuja kwako."

"Atatoka?" mke aliuliza.

"Leo leo. Mumeo aseme mbele yake, na mbele ya mama mzazi: nyimbo ni za Tisa. Basi. Asiposema leo, jini atamchukua mkono, na mkono hauchukuliwi peke yake."

Walimleta mama, wakamkalisha. Chumba kilinuka karafuu hadi macho yakawasha. Spika ilikuwa ikipumua, inavuta na kutoa, na waya wake ulikuwa mkononi mwa mganga.

"Sema, baba," mke alimsihi. "Maneno manne tu."

Bingwa alivua miwani. Kwa mara ya kwanza alionekana kuelewa ni kitu gani kilichokuwa kimekaa mle ndani naye. Alifungua mdomo.

"Nyimbo ni... tulizitunga pamoja."

Spika iliacha kupumua. Mganga alifunga mkoba wake.

"Nimeona majini waongo," alimwambia mke akiwa mlangoni, "lakini huyu wako amenishinda."

Onyesho lilifanyika Jumapili alasiri, na sijawahi kusikia gitaa likipigwa namna ile. Mtangazaji aliita "Bingwa! Bingwa!" na mpigaji hakuinua kichwa. Mama yake, kiti cha mbele, aliita taratibu, "Tisa."

"Naam, mama," alijibu, akatabasamu kwa upole ambao Bingwa hakuwahi kuwa nao.

Jini huyo anaishi nao mpaka leo, ndani ya mwili wa Bingwa. Huamka mapema, huosha vyombo, na jioni hupiga gitaa la sauti pale kizingitini, majirani wakizima redio zao ili wamsikie.

Lile la mkono, lililofuata mchoro wa Bingwa, lilibaki ukutani. Wiki moja baada ya onyesho, mchana, lilianza kujipiga, vibaya, likikwama kwenye ubeti wa pili, palepale pa siku zote. Mke alisogea karibu. Ndani ya tundu la mbao, chini kabisa, kulikuwa na sauti anayoijua, nyembamba kwa woga.

"Nyimbo ni za Tisa," ilisema. "Mke wangu, nimesema. Nyimbo ni za Tisa. Nitoe."

Alikimbia kwa mganga bila viatu. Mganga hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Niliwaambia leo leo," alisema. "Leo yake imeshapita."

Aliporudi, gitaa lilikuwa bado linakosea, na sauti bado inaomba. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, amekunja uso.

"Nani huyo anayepiga hovyo hivyo?" aliuliza. "Mfungieni sandukuni, Tisa anataka kupumzika."