Mkalimani wa Kitanda cha Dirishani

Nywele za Saadat zilikuwa hazikauki. Kila asubuhi matone yalidondoka kutoka chini ya kitambaa chake hadi kwenye shuka, na wodini hamkuwa na bafu wala bomba. Uulkan aliliona hilo, asiulize. Mtu anayekupulizia chai ipoe humuulizi habari za nywele zake.

Uulkan aliletwa kutoka Murghab, juu kwenye malisho ya milimani, hadi hospitali ya bondeni, akiwa na uchungu uliokataa kwisha. Mtoto wa kiume alitoka salama. Kifua cha mama ndicho kilichobaki kibaya. Pumzi ilikuwa fupi. Daktari Qimatsho alizungumza Kitajiki tu, na Uulkan alijua Kikirigizi tu. Kati yao alisimama Saadat, mzazi wa kitanda cha dirishani, aliyezijua lugha zote mbili.

"Anasemaje, dada?"

"Anasema unaendelea vizuri, mdogo wangu."

"Maneno yote yale, ndiyo hayo tu?"

"Watu wa bondeni ndivyo walivyo. Akitaka kukuambia mvua inanyesha, ataanzia kwa babu yake."

Wakacheka, Uulkan akishika mbavu.

Kesho yake Saadat alisema daktari ameagiza kisu kilichokuwa chini ya mto wa mtoto kiondolewe, kina kutu. Mama mkwe ndiye aliyekiweka pale. Kila mzazi wa kule juu anajua kwamba chuma humzuia Albasti, jini la kike linaloiba mapafu ya mzazi na kwenda kuyaosha. Yakishatakata kwa maji, mzazi amekwisha. Lakini daktari ni daktari. Uulkan akakitoa. Saadat akakipokea kwa pindo la shuka, vidole vyake visikiguse.

Tangu hapo wodi ikaanza kunuka kama siku ya kuchinja.

"Mwambie sipumui, dada," Uulkan alinong'ona.

Saadat akageuka, akasema na daktari. Daktari akamtazama Uulkan kwa huzuni, akajibu kwa upole, kisha akatoka.

"Amesema nini?"

"Usilie nikikuambia. Amesema nyinyi wanawake wa juu mnanuka samli. Hataki kukugusa."

Uulkan alilia begani pa Saadat, na bega lile lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Lakini alipofuta machozi akakumbuka kitu. Kila mara kabla ya kumsikiliza kifua, daktari yule alikifumbata kile kipimo cha chuma kiganjani, akakipulizia kipate joto, ndipo akamwekea. Mtu anayechukizwa na harufu yako hakupashii chuma moto. Alijilaza akiliwaza jambo hilo, jua la mchana likiwa limejaa dirishani, na nyuma ya pazia la Saadat akasikia kitu laini kikioshwa, kikikamuliwa, kikitumbukizwa tena mahali ambapo hapakuwa na maji, na kila kilipokamuliwa kifua chake mwenyewe kilibanwa, na kilipoachiwa akapata hewa kidogo, kisha kikakamuliwa tena, mpaka akajua, bila kuambiwa na mtu, ni nini kile kilichokuwa kinaoshwa.

Mlango ukafunguliwa. Wifi yake Burul, aliyewahi kuuza maziwa bondeni na kukijua Kitajiki, aliingia na daktari, chupa ya chai ya chumvi kwapani.

"Wewe una wazimu?" Burul alifoka. "Kwa nini unakataa sindano?"

"Sindano gani?"

"Daktari anasema mapafu yako yanajaa maji. Kila siku anakubembeleza, na kila siku huyu mwenzako anamwambia hutaki, dawa za bondeni ni najisi!"

Uulkan akageuka. "Dada?"

Saadat alikuwa amekwisha kufunua pazia. Tabasamu lake lilikuwa lilelile la siku zote.

"Sijapata mtu wa kuniamini kama wewe, mdogo wangu," alisema.

Burul alinyakua mkasi kwenye sinia la daktari, akamwelekezea. "Albasti! Toka, mwizi wee! Toka!" Saadat akalegea, akamiminika kitandani kama maji yaliyomwagwa, na kilichobaki ni shuka lililolowa. Daktari aliliinua kwa vidole viwili, uso umesawijika. Kisha akakumbuka kazi yake, akaandaa sindano.

Pumzi ilirudi. Uulkan alinyonyesha, akala, akalala. Lakini mara nyingine alilia bila sauti, maana alikuwa amemweleza Saadat mambo ambayo hata mumewe hayajui, na Saadat alikuwa amemshika mkono akisikiliza.

Siku ya kuondoka, Burul alikwenda kutafuta gari. Daktari Qimatsho akaja peke yake, akamgusa mtoto shavuni, akasema jambo polepole. Uulkan alitaka kumshukuru. Burul alikuwa amemfundisha neno moja tu.

Akafungua mdomo, na Kitajiki kikatoka. Kilitoka chepesi, kirefu, kwa sauti ya upole ya Saadat, naye hakuelewa hata neno. Aliuma meno, ulimi ukaendelea nyuma yake.

Tabasamu la daktari likafa. Alimtazama Uulkan, akamtazama mtoto, kisha taratibu akanyoosha mikono yote miwili kumwomba ampe mtoto.

Uulkan alitaka kumpa. Kwa moyo wake wote alitaka kumpa.

Mikono yake ikamkaza mtoto.