Likizo Iliyokula Mtaji

Mwanahalima alikuwa na kibanda cha chai kando ya barabara kuu, pale Hedaru. Aliuza chai ya tangawizi, chapati na supu ya maharage. Madereva wa malori walimjua kwa jina. Wengine walipiga honi kabla hawajasimama, naye akaanza kumimina chai. Mumewe, Amiri, alikuwa fundi pikipiki. Gereji yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Hawakuwa matajiri, lakini hawakulala njaa.

Desemba ilipoingia, nyumba yao ilijaa. Maua, binti yao mkubwa, alirudi kutoka shule ya bweni huko milimani. Januari alitakiwa kuingia kidato cha nne. Mdogo wake, Kassimu, naye alifunga shule ya msingi pale pale Hedaru. Haukupita muda, basi la Dar es Salaam likashusha wageni wawili. Walikuwa Rashidi na Hamisi, wana wa Abubakari, kaka mkubwa wa Amiri.

"Shikamoo, mama mdogo!" walisema kwa pamoja, mabegi mgongoni.

"Marahaba wanangu. Karibuni nyumbani. Jamani, mmekuwa wakubwa!"

Mwanahalima alifurahi kweli. Nyumba yenye watoto ina uhai. Lakini kila alipomtazama Maua, alimwona amekonda.

"Huko shuleni mnakula nini, mwanangu?"

"Ugali na maharage, mama."

"Kila siku?"

"Jumapili wali," Maua akasema, akacheka.

Mwanahalima hakucheka. Maneno yale yalimchoma. Akajisemea moyoni kwamba likizo hii mtoto wake atakula vizuri. Atakula mpaka mashavu yarudi.

Basi asubuhi chai ikawa ya maziwa, kwa mkate na mayai. Mchana ukawa wali na nyama. Jioni Rashidi na Hamisi walisema kwao wamezoea chipsi, na Mwanahalima akawatuma wakanunue. Kassimu aliomba hela ya kwenda kutazama mpira kwenye banda la video. Maua aliomba bando la simu, azungumze na wenzake wa shule. Jua la Hedaru likiwaka, watoto walitaka soda. Mwanahalima hakumnyima mtu.

"Leo tu," alikuwa akisema. Na kesho yake alisema hivyo hivyo.

Kila asubuhi Amiri aliacha hela ya matumizi mezani. Ilikuwa kiasi kile kile alichoacha walipokuwa watu watatu tu nyumbani. Hakufikiri kuongeza, na Mwanahalima hakumwambia. Aliogopa. Rashidi na Hamisi walikuwa damu ya mumewe. Akilalamika, si ataonekana mwanamke mwenye roho mbaya?

Hela ya mezani ilipokwisha, alitia mkono kwenye mfuko wa aproni. Mfuko huo ndio uliopokea mauzo ya chai. Humo humo ndimo ilimotoka hela ya unga, sukari, mafuta na mkaa wa kibanda. Sasa ikawa inatoka hela ya soda na chipsi pia.

Asubuhi moja alikwenda dukani kununua unga wa ngano. Alipohesabu hela, haikutosha. Akanunua nusu ya kawaida yake. Madereva waliochelewa siku hiyo walikuta chapati zimekwisha.

"Vipi, mama? Siku hizi unatufukuza?" dereva mmoja alimtania.

"Kesho zitakuwepo, kaka," alijibu. Lakini kesho yake unga ulikuwa mchache zaidi. Dereva yule hakuuliza tena. Lori lake lilisimama mbele kidogo, kwenye kibanda kingine.

Kabla Krismasi haijafika, siku ilikuja ambayo Mwanahalima hakuwasha moto kabisa. Alikaa kwenye benchi lake, mfuko wa aproni mtupu, akitazama magari yanavyopita.

Amiri alimwona kutoka gereji. Akavuka barabara.

"Mbona hujawasha? Unaumwa?"

"Siumwi. Sina unga."

"Huna unga kivipi?"

"Hela imekwisha, baba Maua."

Amiri akashika kiuno. "Imekwisha? Mimi si naacha hela ya matumizi kila siku? Inakwenda wapi?"

"Inakwenda tumboni! Tuko watu sita. Hujui hilo?"

"Na hela ya kumrudisha Maua shule? Mchango wa chakula cha bweni, viatu, nauli?"

Mwanahalima alikunja aproni yake. Alikuwa amepanga kuitoa humo humo kwenye mauzo ya Desemba. Amiri akarudi kazini bila kuaga.

Wala hawakujua kwamba Maua alikuwa nyuma ya kibanda. Alikuwa amekuja kuosha vikombe. Alisikia yote.

Siku iliyofuata Maua aliondoka nyumbani mapema. Alisema anakwenda kwa rafiki yake. Saa nne Mwanahalima alikuwa akitoka sokoni kwa miguu. Basi kubwa la Arusha lilikuwa linaingia kituoni. Wachuuzi waliliandama kama kawaida, wakinyanyua vitunguu, ndizi na maji ya chupa hadi madirishani. Katikati yao Mwanahalima aliona kitenge anachokijua. Akakaza macho. Alikuwa Maua.

Binti alikuwa na beseni la ndizi kichwani, mkono mmoja ameshika beseni, mwingine amenyoosha chenji kwa abiria. Basi likaanza kuondoka. Abiria hajaifikia chenji yake. Maua akakimbia pembeni ya magurudumu, akainyoosha tena mpaka yule abiria akaidaka. Nyuma yake pikipiki iliyobeba magunia ilifunga breki kwa kishindo. Beseni likaanguka. Ndizi zikatapakaa kwenye lami.

"Maua!"

Mwanahalima alikimbia. Alimshika binti yake mabega, akamgeuza huku na huku kumtazama kama ameumia. Hakuwa ameumia.

"Nani amekutuma kuuza ndizi barabarani?"

"Hakuna, mama. Nilimwomba mama Elinaza." Machozi yakamtoka. "Nilisikia wewe na baba. Nimekula soda na bando kumbe nakula viatu vyangu mwenyewe. Mngeniambia, mama. Mimi si mtoto mdogo."

Mwanahalima aliliinua beseni. Aliinama, akaanza kuokota ndizi. Maua naye akainama.

Mama Elinaza alikuwa jirani yao. Jina lake Priska. Watu wa kwao walikuwa wakulima huko juu milimani, na yeye aliteremka Hedaru alipoolewa. Aliuza ndizi na tangawizi kwa jumla. Tena alikuwa mwalimu wa vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Aliposikia yaliyotokea, alifika nyumbani mchana ule ule, kanga begani, uso umesawijika.

"Nisamehe, mama Maua," alisema kabla hajaketi. "Aliniambia anataka kujifunza biashara wakati wa likizo. Nilidhani wewe umemruhusu. Ningejua, nisingempa hata ndizi moja."

"Huna kosa, dada. Kosa ni langu." Na Mwanahalima akamweleza yote: mashavu ya Maua, soda, unga, ugomvi. Alipofika kwenye benchi na aproni tupu, alilia.

Priska alimwacha alie. Kisha akasema kwa upole, "Hukuiba, wala hukulewa. Umewapenda watoto. Lakini upendo nao unataka mpango. Nikuulize kitu. Hela ya kibanda unaiweka wapi?"

"Kwenye aproni."

"Na ya nyumbani?"

"Ikiisha ya mezani, natoa humo humo."

"Hapo ndipo panapovuja. Hela ya biashara ina mwenyewe, na mwenyewe ni biashara. Jioni ukifunga, toa kwanza ya unga, sukari, mafuta na mkaa wa kesho. Iweke mahali pake. Hiyo usiiguse hata mtoto akililia soda. Kinachobaki ndiyo faida. Faida ndiyo unayoweza kuleta nyumbani."

"Na kama faida ni ndogo?"

"Basi mle kwa udogo wake. Ukila mtaji, kesho huna cha kula wala cha kuuza."

Mwanahalima aliitikia kwa kichwa taratibu. "Lakini shule, dada. Januari hiyo inakuja."

"Januari inakuja kila mwaka, wala haijifichi. Tatizo letu tunatumia kwanza, halafu tunaweka kinachobaki. Na hakuna kinachobaki. Geuza. Weka ya shule kwanza, kidogo kidogo, halafu tumia kinachobaki. Ungeanza Septemba ingekuwa rahisi zaidi. Lakini hata leo hujachelewa sana."

"Na hawa wageni? Siwezi kuwanyima, ni watoto wa shemeji."

"Nani kasema uwanyime? Mwambie baba yao. Mzazi anayempeleka mtoto likizo naye ana wajibu wake. Ila hilo aseme baba Maua, ni kaka yake." Priska akainuka. "Na kaeni na watoto. Wote. Nyumba ikificha shida, watoto wanaitafuta wenyewe. Leo umeona."

Amiri aliporudi, Mwanahalima alimweleza habari ya Maua na basi, na ushauri wa Priska. Amiri aliketi chini kwenye mkeka, mikono bado ina oili.

"Ningempoteza kwa sababu ya viatu," alisema. Baadaye akaongeza, "Na mimi nina kosa. Naacha hela ile ile kama vile hakuna aliyeongezeka. Sikutaka kuhesabu."

"Na mimi sikutaka kusema."

"Kumpigia kaka ndiyo kazi. Atasema nimeshindwa kulisha wanawe."

Lakini alipiga. Mwanahalima aliketi karibu, akisikiliza. Amiri alizunguka kwanza kwa salamu, akauliza habari ya mvua za Dar es Salaam, akauliza na habari ya wagonjwa ambao hawapo. Mwishowe akasema, "Kaka, vijana hawajambo. Ila mambo yamebana kidogo. Nilikuwa naomba tusaidiane chakula."

Abubakari akacheka upande wa pili.

"Amiri, ndugu yangu! Mama yao tangu waondoke ananiambia nitume hela. Mimi nikasema hapana, nikituma Amiri ataona namdharau. Kumbe tunaoneana haya bure!"

Kwa basi la Dar es Salaam ulikuja mfuko wa mchele na dumu la mafuta. Abubakari aliongeza na kidogo cha matumizi kwa simu.

Jioni watoto wote waliitwa mkekani. Amiri aliwaambia ukweli bila kuwatisha: nyumba inaingiza kiasi gani, kibanda kinahitaji kiasi gani, na Januari inadai nini. Kisha akauliza, "Ninyi mnaonaje?"

Mwanahalima alitarajia manung'uniko. Rashidi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, kama yuko darasani.

"Baba mdogo, soda tuache. Tutakunywa maji na ukwaju."

"Na mpira?" Kassimu aliuliza kwa wasiwasi.

Walibishana juu ya mpira kwa muda mrefu kuliko jambo lolote lingine. Mwisho walikubaliana: mechi moja kwa wiki, na Kassimu achague mwenyewe. Maua alisema bando litamtosha la mwisho wa wiki tu. Chipsi ziliondolewa, isipokuwa siku ya kuaga wageni.

Siku ya gulio, Mwanahalima na Maua walikwenda sokoni pamoja. Walinunua mahindi, maharage na vitunguu vya wiki nzima. Mwanahalima alishangaa. Kwa miezi mingi alikuwa akinunua vitu kwa vipimo vidogo vidogo dukani, na kila kipimo kidogo kilimgharimu zaidi. Jioni walipika makande, wakatia nazi. Hamisi alisogeza sahani yake kando.

"Sijazoea haya, mama mdogo."

"Onja kijiko kimoja. Kikikushinda, acha."

Alionja kimoja. Halafu akaomba ukoko wa sufuria.

Hela ya unga wa kwanza wa kufufua kibanda ilitoka kwenye pikipiki moja ambayo Amiri alikuwa amemaliza kuitengeneza. Mwanahalima aliipokea kwa sharti alilolitoa yeye mwenyewe: hela ya kibanda isichanganywe tena na ya nyumbani. Alishona mfuko wa pili, wa hela ya shule, akautia ndani ya kabati. Wa aproni ukawa wa kibanda tu. Watoto walikuja kwa zamu. Rashidi alichota maji, Maua alisukuma chapati, Kassimu na Hamisi waliosha vikombe na kugombana nani kavunja kipi. Hakuna aliyekwenda tena barabarani kukimbiza mabasi.

Madereva hawakurudi wote kwa siku moja. Wengine walikuwa wameshazoea kwingine. Siku fulani chapati zilibaki, wakazila wenyewe asubuhi. Lakini wale wa zamani walianza kusimama tena mmoja mmoja, na kila jioni kitu kidogo kiliingia kwenye mfuko wa kabatini.

Januari ilipofika, Rashidi na Hamisi walikuwa wamesharudi kwao. Mfuko wa kabatini haukutosha kila kitu. Ulitosha mchango wa chakula, nauli, sabuni na madaftari. Viatu havikupatikana vipya. Maua alivipeleka vya zamani kwa fundi, vikashonwa soli, vikang'arishwa.

"Vimekuwa vizuri," alisema, akivikanyagia chini. "Mama, shule inaanza Jumatatu. Naenda siku ya kwanza."

Mwaka uliotangulia alikuwa amechelewa wiki mbili, na Mwanahalima alikuwa amezunguka mtaa mzima akiomba kuazimwa hela.

Asubuhi ya safari Amiri alibeba sanduku mpaka kituoni. Gari la kupanda mlimani lilijaa wanafunzi. Maua alimkumbatia mama yake kwa nguvu.

"Ukila ugali na maharage huko, usihuzunike," Mwanahalima alisema.

"Sihuzuniki, mama. Nayapenda."

Gari likaondoka, likakata kona kuelekea milimani. Mwanahalima alisimama kidogo, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Halafu akamgeukia mumewe.

"Baba Maua, likizo ya Juni haiko mbali. Leo tunaanza na ngapi?"

Amiri akatia mkono mfukoni, akamkabidhi noti moja. Mwanahalima akaikunja, akaishika mbali na hela ya unga, akaenda kufungua kibanda.