Shavu la Udongo

Binamu yangu Dorine alikuwa na kazi ambayo mama yake alishindwa kuieleza kanisani: aliwarudishia sura watu waliokufa zamani. Akipewa nakala ya fuvu, alibandika vijiti vya kuonyesha unene wa nyama, kisha akajaza udongo, msuli kwa msuli, mpaka mtu akatokea.

Mwaka jana Chepkirui, mkulima wa karibu na Fort Ternan, alikuwa akichimbisha msingi wa zizi la ng'ombe akakuta mifupa. Wataalamu walisema ni ya mwanamke aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mifupa ikahifadhiwa, na Dorine akaletewa nakala ya plasta ya fuvu, atengeneze sura ya maonyesho. Aliifanyia kazi katika stoo ya nyumba yao kule Kabianga, dirisha likitazama shamba la majani chai. Mimi nilikuwa nimeenda kukaa nao kwa muda.

Ilikuwa siku kama nyingine. Wachumaji walipita na vikapu mgongoni, mvua ya alasiri ikanyesha, Dorine akamaliza shavu la kushoto. Tulipokuwa tukinywa chai, mumewe Ondieki aliruka.

"Mama Shirley! Unajichoma!"

Chai ya moto ilikuwa ikimtiririka Dorine kutoka pembe ya mdomo hadi shingoni, na yeye hajui. Shavu lake la kushoto lilikuwa limekufa ganzi.

Alimaliza shavu la kulia la ile sura, na lake la kulia likafa ganzi. Paji la uso, vivyo hivyo. Hospitalini daktari alimdunga sindano usoni; hakupepesa jicho. Wakasema ni mshipa wa fahamu, utapona wenyewe.

"Achana na hiyo kitu, Dorine," nilimwambia.

"Imebaki mdomo tu." Uso wake haukusogea. "Jerusa, hata kuogopa siwezi. Natafuta woga, siupati."

Kesho yake tulikuwa jikoni tukikata sukuma wiki. Ghafla kisu chake kikasimama.

"Nani ananigusa?" alinong'ona.

Hakuna aliyemgusa.

"Hapa. Kwa shavu. Ananifinya."

Nilikwenda stoo. Ondieki alikuwa amesimama mbele ya ile sura, kidole gumba chake kimezama kwenye shavu la udongo.

"Toa," nilisema.

Alikitoa polepole. Kule jikoni, Dorine alishusha pumzi.

Ondieki alinitazama. Kisha akachukua nyundo. Kabla hajaiinua, Dorine alikuwa ameshaingia na kumshika mkono. Machozi yalimteremka. Hakuyafuta. Hakuyahisi.

"Usivunje, Baba Shirley," alisema. "Mimi niko hapo ndani."

Nyundo ikawekwa chini. Watu wa maonyesho waliambiwa kazi imeharibika. Mdomo haukutengenezwa, meno ya plasta yamebaki wazi hadi leo. Kila asubuhi Ondieki huifunika sura kwa kitambaa kibichi, kwa sababu udongo ukikauka hupasuka. Ulipasuka mara moja. Sitaki kukumbuka lile yowe la Dorine.

Mwezi uliopita Ondieki alikwenda mazishini Bomet. Alifunga stoo kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Mimi na Dorine tulikuwa nje, tunaanika nguo. Jua lilikuwa linawaka. Nilimwona akifumba macho na kuinamisha kichwa upande, kama mtoto anayebembelezwa.

"Amerudi?" aliuliza.

"Nani?"

"Ondieki. Ananipapasa. Lakini mkono wake ni baridi."

Ondieki alirudi jioni. Kufuli lilikuwa zima. Dirisha lilikuwa limekomewa kwa ndani. Kile kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri, kimewekwa kando.

Kwenye shavu la udongo palikuwa na alama za vidole, zimeburutwa taratibu kutoka sikioni hadi kidevuni. Ondieki alibonyeza kidole chake pembeni ya zile alama. Chake kiliacha mistari ya ngozi.

Zile hazikuwa na mistari. Zilikuwa nyembamba mno, na katikati ya kila moja palionekana alama ya kiungo, mfupa ulipokutana na mfupa.