Karatasi ya Peremende Kwenye Fyuzi

Kila walipohama, kazi ya Solongo ilikuwa kufungua waya wa sola ukutani na kuukunja vizuri. Baba yake, Gombo, alibomoa hema. Bibi Dulmaa, ambaye miguu yake ilikuwa mibovu, alikaa juu ya sanduku akiamuru kila mtu. Lakini safari hii upepo wa jangwa la Gobi ulikuwa mkali na vidole vya Solongo vilikufa ganzi. Akaona uvivu, akauacha waya palepale. Ukuta wa fito ukakunjwa kama mkasi, na waya ukabanwa ndani yake.

Katika kambi mpya hema lilisimamishwa tena, sufu nzito ikafunika fito, na taa ikawaka. Jioni upepo ulipotikisa kuta, giza likaingia ghafla. Fyuzi ya betri ilikuwa imekatika.

"Weka nyingine," Baba alisema. "Ya ampia kumi, usizidishe. Waya wetu ni mwembamba."

Solongo akaweka. Kesho yake nayo ikakatika, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Baba alikuwa malishoni na kondoo wanaozaa, na Bibi hakumpa Solongo nafasi ya kupumua.

"We mtoto, mieleka inaanza kwenye televisheni! Unataka nife sijamwona yule mbabe wa wilaya yetu akiangushwa?"

"Subiri, Bibi. Natengeneza."

Solongo alijua anachotaka kufanya ni kosa. Hata hivyo alichukua karatasi ya peremende inayong'aa, akaizungushia ile fyuzi iliyokatika, akairudisha mahali pake. Televisheni ikawaka, Bibi akapiga makofi.

Baba aliporudi aliuliza, "Fyuzi iko sawa?"

"Nimeweka mpya, Baba."

Kila upepo ulipovuma alikodolea macho ukuta.

Asubuhi moja upepo ulichachamaa. Solongo na Baba walikuwa zizini. Bibi alikuwa ndani na wana-kondoo wachanga, wamefungwa kando ya ukuta wapate joto. Mara Solongo akanusa kitu. Haukuwa moshi wa samadi kavu waliyowashia jiko, kwani huo aliuzoea tangu kuzaliwa. Ilikuwa harufu ya sufu inayoungua.

"Baba, fyuzi! Nilikudanganya, niliweka karatasi!"

Gombo alitimua mbio. Ndani moshi ulikuwa umetanda, na Bibi alikuwa akitambaa huku akimvuta mwana-kondoo kwa kamba. Baba aling'oa waya kwenye betri. Solongo akanyakua sufuria ya chai ya maziwa iliyokuwa imepoa, akaimwaga yote ukutani. Moto ukalia chwii, ukazimika.

Wana-kondoo wote walipona. Lakini sufu ilikuwa imetoboka tundu kubwa, na kiganja cha Bibi kilikuwa kimeungua. Solongo alipokiona alilia kwa kwikwi.

Baba alifunua sufu, akauona waya ulipobanwa na fito hadi shaba ikabaki uchi.

"Nani aliukunja ukuta na waya ndani?"

"Ni mimi, Baba. Na hilo pia sikulisema."

Baba alikwenda mjini kwa pikipiki, akarudi na waya mnene na fyuzi mpya. Solongo mwenyewe alitandaza waya mbali na mikunjo ya fito, akafunga fyuzi karibu kabisa na betri, Baba akimsimamia. Kisha akaketi kando ya Bibi kushona kiraka cha sufu. Bibi, mkono ukiwa na bandeji, aliiokota ile fyuzi ya karatasi.

"Haka kadude kazi yake ni kufa ili sisi tupone," alisema. "Kalipokatika kalikuwa kanatuambia ukutani kuna ubaya. Wewe ukakaziba mdomo, halafu ukauziba na wako. Ungesema mapema, baba yako angekugombeza kidogo tu, tukalala salama."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimeshakusamehe, mjukuu wangu. Ila siku nyingine kitu kikikatika, tuambie. Afadhali tukae gizani tukiujua ukweli."